Asheri, Msikiliza Ngazi

"Kinamkataaje mtu ambaye hakijamwona hata kisigino?"

Hiyo ni sauti ya bwana Asheri, Jumatatu asubuhi, Machi mwaka 2001. Amesimama mbele ya meza ya meneja, karatasi imekunjamana mkononi. Mimi ndiyo naingia na sinia la chai na maandazi, nikakuta moto umekwisha kuwaka. Nikasimama palepale mlangoni. Kutoka ningeweza, lakini nani atoke?

"Mzee Asheri, kompyuta haimkatai mtu," akasema meneja, kijana Fadhil, mtoto wa Dar mwenye tai. "Inasoma umri. Umri umepita hamsini na tano. Basi."

"Umri wa nani?"

"Wa mwombaji."

"Mwombaji ana miaka hamsini na miwili. Nimeandika. Nimebandika na barua, kurasa mbili, kwa mkono wangu."

"Na cheti chake cha ubatizo kinasema sitini. Sasa mashine ifuate kipi, mzee wangu? Mwandiko wako au cheti cha kanisa?"

"Ifuate mtu!"

"Mtu haingii mle ndani," Fadhil akajibu, akakigonga kile kisanduku cha kijivu kwa kalamu. Wallahi hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayemwelekeza mgeni kwamba choo kiko uani. "Mama Suhaila, weka chai, usisimame kama askari wa geti."

Nikaweka. Bwana Asheri akailaza ile karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, na mimi macho ninayo. Juu jina: Zabron Ntakije, mkata mkonge, shamba la upande wa Maramba. Chini yake neno moja lililopigwa na mashine: HAKUBALIKI. Na chini ya hilo, maneno yaliyomtoa mzee povu: TAARIFA ZA UONGO.

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme kweli," akasema Asheri. Safari hii hakupiga kelele. "Angenyamaza angekuwa mzee tu. Sasa amekuwa mwongo."

Chai yake ilipoa. Hakuigusa.

Mjini Tanga wengi walimwona mtu huyu akipita na baiskeli, na wachache walijua anafanya nini. Alikuwa Msambaa wa Mlalo, Mlutheri, mwembamba kama mwiko, shati la mikono mirefu hata Februari watu wanapoungua. Watu wa bima tunawajua: wale wa kubisha hodi na mkoba, wanakusifia watoto wako, kisha wanakuuliza ukifa watakula nini. Hao ni mawakala. Asheri hakuwa huko; yeye alikuwa mpimaji. Wakala akishajaza fomu ya mtu anayetaka bima ya maisha, fomu ilikwenda kwa Asheri, na Asheri ndiye aliyesema: huyu tumkubali, huyu tumkubali lakini alipe ada kubwa zaidi, na huyu tumpe pole aende zake. Kwa maneno mengine, alilipwa mshahara akisie nani atatangulia. Ngamiani walimwita Mzee Siku Zako. Wanawake wakimwona walivuka barabara. "Pita huku, shoga. Yule akikutazama mara mbili ujue unaondoka."

Nami nilikuwa mmoja wa waliovuka, mpaka nilipopata kazi ya kupika chai ofisini kwao nikaona anavyofanya.

Kazi ile aliianza ujanani, na akaifanya miaka migumu yote, ile ya foleni ya sukari na nguo za kufuliwa kwa majivu. Fomu zilipokwisha aliandika nyuma ya kalenda. Baiskeli ilipokosa tairi alikwenda Kigombe kwa miguu kumtazama mwombaji mmoja tu. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, kampuni za watu binafsi zikaruhusiwa, na moja, Bima ya Mwambao, ikafungua tawi Tanga na kumchukua. Alitoa sharti moja: ofisi iwe ghorofani.

Wakadhani anataka upepo.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya Mhindi, ngazi za mbao ishirini na mbili. Meza yake aliiweka makusudi akaupa mlango mgongo. Mtu akianza kupanda, Asheri anaacha kalamu. "Ya tisa amesimama," ananiambia bila kugeuka. "Ameshika ukuta. Haya, ya kumi na nne tena." Mtu anatokea mlangoni anatabasamu, anasema hajawahi kuugua hata mafua, na Asheri anamvutia kiti: "Pumzika kwanza, baba." Halafu ndipo chai yangu inaingia kazini. Anatazama mkono unavyoshika kikombe. Anahesabu vijiko vya sukari. Anaona kama mtu anaomba maji mara mbili mbili. Mimi nilidhani napika chai, kumbe napima watu, na mshahara wa daktari sikuupata.

Tena kulikuwa na suala la umri. Nusu ya waliozaliwa kabla ya uhuru kwenye pwani hii hawana karatasi yoyote, na wenye karatasi wengine wamepewa tu na karani aliyechoka. Asheri alikuwa na daftari lake, miaka ameipanga kwa mambo yaliyotokea: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka mkonge ulipopanda bei, mwaka bendera ilipobadilishwa. "Nzige walipokuja ulikuwa unawafukuza au ulibebwa mgongoni?" Mtu anacheka, anakumbuka, anajibu. Asheri anaandika mwaka. Kisha anamwendea jirani wa yule mtu, kimyakimya, anamuuliza swali lilelile.

Tusimfanye mtume. Tabia, mwanamke wa Makorora, Asheri alimkataa mwaka wa themanini na sita kwa wembamba. Kifua kikuu kinamnyemelea, akasema. Tabia yupo mpaka leo anauza samaki wa kukaanga, na sasa kupita mlangoni mpaka aingie kwa ubavu. Kila alipomwona Asheri alimpigia ukelele katikati ya soko: "Mzee Siku Zako! Bado nipo!" Naye Asheri anavua kofia, anainama kama yuko kanisani. "Nashukuru kukosea, mama," anasema.

Miaka miwili akatulia ghorofani kwake. Ndipo kisanduku kikaja.

Kilikuja pamoja na Fadhil. Ofisi ikashushwa chini, vioo mbele, baridi ya mashine mpaka nikawa napikia chai ndani ya sweta. Fomu mpya zikaletwa. Kila jibu limegeuzwa namba: unakohoa, moja, hukohoi, mbili. Baba yako alikufa na miaka mingapi, namba. Asheri anahamisha namba hizo kwenye visanduku vidogo, kijana mmoja anazigonga kwenye kompyuta, zinakwenda makao makuu Dar, na huko mashine inajumlisha yenyewe na kutoa hukumu yenyewe. Jibu linarudi limekwisha kuiva.

Wateja walifurahi, na haki yao. Zamani fomu ilikaa miezi mitatu Asheri anazunguka kuuliza majirani. Sasa wiki moja. Na mashine haikujali dini yako wala kabila lako, wala haikuvutwa na sura nzuri. Hata mimi nilikisifu kile kisanduku, nikamwambia bwana Asheri ashukuru, amepunguziwa kukanyaga baiskeli.

"Zamani walinilipa nifikiri, Mama Suhaila," akanijibu. "Sasa wananilipa nisitoke nje ya mstari."

"Si ndiyo raha hiyo?"

Akanitazama mara mbili. Nikaondoka na birika langu.

Sasa huyo Zabron. Leo yanasemeka, maana mafao yamekwisha kulipwa na hakuna wa kumdai mtu kitu.

Alikuwa Muha, ametoka Kigoma, mmoja wa wale waliokusanywa kuja kukata mkonge wa Tanga. Mwaka wa sitini na nne alikuwa na miaka kumi na mitano, na watoto hawakuchukuliwa. Kaka yake mkubwa alikuwa amejiandikisha kuja, akafa wiki chache kabla ya safari. Baba yao akachukua cheti cha ubatizo cha marehemu, akamkabidhi mdogo mtu: nenda wewe. Marehemu ndiye Zabron. Huyu aliyepanda treni jina lake Noa. Miaka thelathini na saba akakata mkonge, akaitwa Zabron, akalipwa kama Zabron, akafunga ndoa kama Zabron. Ndani ya nyumba tu, mkewe Anastazia alimwita Noa, na mlango uwe umefungwa.

Wengi walikuja hivyo mashambani, kwa karatasi ya kaka, ya binamu, ya marehemu. Hakuna aliyeona ni dhambi. Kazi ilitaka karatasi, karatasi ikapatikana.

Mwisho wa mwaka 2000 shamba likasemekana litauzwa kwa tajiri mpya. Nyumba za wafanyakazi ni mali ya shamba. Mfanyakazi akifa, mjane anapewa siku za kufunga virago. Zabron alikuwa na watoto watatu bado wadogo, na hata kipande cha ardhi hana. Akasikia habari za bima ya maisha: unalipa kidogo kila mwezi, ukifa mkeo anapewa milioni moja. Milioni moja Maramba unapata shamba la muhogo na kibanda. Hicho tu ndicho alichotaka. Mkewe asije akatolewa nje na godoro kichwani.

Fomu ilipomfikia Asheri, cheti kilisema miaka sitini, na wakala alikuwa ameandika pembeni: mwombaji anaonekana kijana. Asheri hakuwa na ngazi tena za kusikiliza. Akapanda gari kwenda Maramba siku yake ya mapumziko.

Alimkuta shambani, akakaa kwenye kisiki akamtazama anakata. Kisha wakafuatana mguu kwa mguu hadi kambini, mwendo wa saa nzima, na aliyehema ni Asheri. Alinisimulia mwenyewe.

"Zabron," akamwambia, "mtu wa miaka sitini hafungi mizigo ile. Na ndevu zako hizi mbili tatu nyeupe, zimeanza juzi. Wewe ni nani?"

Yule bwana akamtazama mkewe. Anastazia ndiye aliyesema, amesimama na ufagio: "Mwambie, baba watoto. Amekuja kwa miguu yake."

Akamwambia. Asheri hakuishia hapo, si mtu wa kuishia hapo. Akamtafuta Kristofa, mzee waliyekuja naye treni moja, akamuuliza pembeni: "Zabron alipofika alikuwa na ndevu?"

"Ndevu!" Kristofa akacheka mpaka akakohoa. "Huyo? Alikuwa akimlilia mama yake mwezi mzima, tulimfundisha kuchemsha ugali."

Basi Asheri akajiridhisha. Miaka hamsini na miwili, moyo wa punda, mapafu safi. Katika miaka yake yote ya kazi, alisema, hakupata kuona mwombaji bora kuliko yule. Wakabaki na uamuzi: waandike nini? Zabron alitaka kuacha ilivyo. Asheri akamwambia hapana, sitini hawapokei, andika umri wako wa kweli, na mimi nitabandika barua ya maelezo. Ndivyo walivyofanya siku zote katika kazi ile. Fomu ina matatizo, mpimaji anaandika barua, mkubwa wake wa Dar anaisoma, anampigia simu, wanaelewana. Kwa barua hizo Asheri alishapitisha watu wasio na vyeti, wenye vyeti viwili, na mmoja aliyezaliwa, kwa mujibu wa cheti chake, baada ya mwanawe.

Daktari wa mjini alitaka elfu tatu kumpima. Zabron hakuwa nayo, shamba lilikuwa halijalipa miezi miwili. Asheri akaitoa mfukoni mwake.

Na barua akaandika. Kurasa mbili, mwandiko ule wake wa shule ya misheni. Ila Dar hapakuwa tena na mkubwa wa kuisoma. Pale palikuwa na msichana wa kufungua bahasha. Fomu anaipeleka kushoto kwenye kompyuta, na karatasi nyingine zote kulia, kwenye trei. Mashine ikakuta umri wa fomu hamsini na mbili, umri wa cheti sitini. Ikajumlisha. Ikaandika ilichoandika.

Ndiyo ugomvi ule niliouingilia na sinia.

Fadhil hakuwa mtu mbaya, nimwekee haki yake. Alipiga simu Dar mara tatu. Mara ya tatu nilikuwepo, akaiweka simu chini akasema, "Mzee, wanasema aende mahakamani akaape. Alete kiapo cha umri na jina, mfumo utafunguliwa upya."

"Akaape kwamba yeye si Zabron?"

"Ndiyo hali yenyewe, si ndiyo?"

"Na kiinua mgongo chake cha shamba, miaka thelathini na saba, kiko kwa jina la nani?"

Fadhil akakitazama kile kisanduku. Hata mimi niliyesoma shule ya msingi tu nilielewa. Akiapa kwamba yeye ni Noa, anapata bima, na shamba litamwambia: Noa? Noa hatumjui, hajawahi kufanya kazi hapa. Akibaki Zabron, mafao yapo, bima hana. Asheri akakaa kwenye kiti cha wateja, hakurudi kwenye meza yake.

Mwezi wa tano akaenda Dar mwenyewe, kwa nauli yake, na suti. Nilimfungia mkate wa mchele wa njiani. Aliporudi nikamuuliza.

"Nimefika dirishani," akasema. "Binti mmoja, mpole sana, shikamoo yake nzuri. Akagonga namba ya fomu. Akasema, 'Mzee, imeshakataliwa.' Nikamuuliza, nani aliyekataa? Akasema, 'Mfumo.' Nikamuuliza, anakaa chumba namba ngapi?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Nikacheka na mimi. Nikamuuliza barua yangu iko wapi, akanionyesha trei. Imejaa mpaka hapa. Nilizitambua barua za watu, Mama Suhaila. Ya mpimaji wa Moshi. Ya yule wa Mtwara. Wote bado wanaandika."

Nilitaka kumfanyia mzaha, ulimi wangu unajulikana. Nikammiminia chai tu.

Septemba ikaja zamu yake. Barua ya kupunguzwa kazi ilitoka mashine ileile, na tarehe ya kuzaliwa walikosea, wamempunguzia miaka miwili. Fadhil alimpa kwa mikono miwili, kama anayetoa rambirambi. "Si mimi, mzee wangu. Wapimaji wote wa mikoani." Asheri akaisoma, akachukua kalamu, akasahihisha ile tarehe, akatia sahihi.

Akapata kimeza kwenye baraza karibu na posta, akawa anawaandikia watu barua na kuwajazia fomu za pasi na za shule. Mimi nami chai ya ofisini ilikwisha, wakaleta birika la umeme. Nikahamisha jiko langu barazani hapohapo, tukawa majirani. Tabia alipita siku moja akamwona pale. Akafungua mdomo apige ukelele wake, akabadili mawazo. Akamwachia samaki wawili kwenye gazeti.

Aprili mwaka uliofuata, mvua za masika, tela la trekta lililobeba mkonge liliteleza kwenye tope huko shambani na kupinduka. Zabron alikuwa juu yake. Halikumuuliza ana hamsini na tatu au sitini na moja.

Kristofa ndiye aliyetuletea habari. Tukaenda, Asheri na mimi, tukiwa tumelowa mpaka mifupani. Watu walikuwa wengi, maana Zabron alipendwa. Karani wa shamba alikuja na mwavuli na daftari, ahakikishe marehemu ni nani, ndipo mafao yaandikwe. Mwinjilisti akasimama na Biblia. Msalaba ulikuwa tayari, umechongwa na wenzake wa kambini, haujaandikwa.

"Tuandike jina gani, mama?" fundi akamuuliza Anastazia. Labda aliuliza tu kwa heshima, kama wanavyoulizwa wafiwa.

Nilimwona yule mwanamke anavyomtazama karani. Kisha akamtazama Asheri. Kaburini pale watu watatu walijua jina la kweli la yule mtu, mkewe, Asheri na Kristofa, na mimi wa nne kwa kuambiwa. Asheri akavua kofia. Kama kuna neno la kusema, ndiye aliyekuwa nalo. Angelisema lingefanya nini? Liwanyang'anye watoto hata kile kidogo?

Akainamisha kichwa.

"Zabron," Anastazia akasema. "Andika Zabron Ntakije. Mwaka wa kuzaliwa, elfu moja mia tisa arobaini na moja."

Fundi akaandika. Anastazia akamzika mumewe kwa jina la shemeji yake, na miaka minane zaidi juu yake. Karani naye akaandika, akafunga daftari lake, akaukunja mwavuli kwa kuwa mvua ilikuwa imepungua. Tukarudi mjini.

Wiki sita baadaye nyumba ilitakiwa. Anastazia akapata chumba kwa Kristofa. Mafao ya Zabron yalitoka mwezi wa nane, yakawa machache kuliko tulivyodhani, maana tajiri mpya alihesabu kwa namna yake. Milioni haikuwamo. Shamba la muhogo halikununulika. Alikodi robo ya lile aliloota mumewe, akalima.

Mwaka wa nne huo, 2004, mwezi wa Januari, asubuhi, nakaanga vitumbua, namwona anakuja barazani na kapu. Amekonda, lakini amesimama wima. Amevaa kitenge kisafi cha safari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Ernesti. Karibu. Watoto?"

"Hawajambo. Ernesti ameingia la tano." Akakaa kwenye benchi la wateja, kapu mapajani. "Nimeuza muhogo. Nimekuja na deni lako."

"Deni gani?"

"La daktari. Elfu tatu."

Asheri aligeuka mwekundu, kama Msambaa mweusi anaweza kugeuka mwekundu. "Mama, hapana. Mimi sikuwafanyia lolote. Nimewaharibia. Ningemwacha akanyamaza..."

"Angekataliwa vilevile. Sitini hawapokei, ulisema mwenyewe."

"Lakini asingeitwa mwongo."

"Aliyemwita hakumwona." Akazitoa noti, tatu za elfu, akaziweka juu ya fomu za pasi za watu. "Yeye alinisumbua mpaka wiki ile aliyokufa. 'Tukipata, tumpe mzee wa bima pesa yake.' Sasa nimepata. Usinirudishe nazo Maramba."

Asheri akanitazama mimi, kana kwamba mimi ni makao makuu.

"Pokea," nikamwambia. "Unataka na wewe umkatae?"

Akazichukua. Akazishika tu, hazikwenda mfukoni wala mezani. Anastazia hakuinuka. Alikuwa anasogeza sogeza ushungi wake.

"Niandikie risiti," akasema.

"Risiti ya elfu tatu?"

"Nataka karatasi."

Asheri akavuta karatasi safi, si ya kurarua, nzima. Akafungua kalamu. Akaanza kuandika tarehe, Tanga, kisha, "Nimepokea kutoka kwa Anastazia..."

"Si mimi," akamkatiza. "Deni halikuwa langu." Akatazama barabarani, kulia na kushoto, kwa mazoea ya miaka. Palikuwa na mimi tu na vitumbua vyangu. "Mwandike mwenyewe. Jina lake."

Kalamu ilisimama. Kisha Asheri akaikunja ile karatasi akaiweka kando, akachukua nyingine, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa misheni, herufi moja moja, na mimi nikainama juu ya bega lake nisome:

*Nimepokea kutoka kwa Noa Ntakije, aliyezaliwa mwaka 1949, shilingi elfu tatu. Amelipa yote. Hadaiwi.*

Akatia sahihi, na chini yake, sijui kwa nini, akaandika na cheo chake cha zamani.

Anastazia aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akairudia mstari wa kwanza. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kapu chini ya vitu vyote, akaniomba vitumbua vinne vya watoto, akalipa, akaenda kuwahi gari la Maramba.